Ukibeba kila kitu, huna cha kuomba

Safari yangu ya kwanza ya kwenda kuandika, nilishuka njia panda moja wilayani Bahi na begi la magurudumu. Magurudumu kwenye mchanga wa Ugogo! Kijana wa bodaboda alilitazama, akanitazama mimi, akasema huyo ni abiria wa pili, nauli yake mbali. Ndani mlikuwa na tochi mbili, sahani, kijiko, mto, chandarua na biskuti za wiki nzima. Nilikaa siku nne kwa watu bila kuwaomba hata kiberiti, nikarudi Dodoma mjini na makala ya maneno elfu mbili. Ilisema Wagogo ni wakarimu, wanapenda wageni, wanafuga ng'ombe. Ukifuta neno Wagogo ukaweka kabila lingine lolote, hakibadiliki kitu. Mhariri aliniuliza swali moja tu: "Nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna mtu aliyenifanyia kitu. Kila nilichohitaji kilikuwa begini.

Mara ya pili nilienda na kibegi cha mgongoni, na tochi nikaisahau. Usiku nikataka kwenda chooni. Bibi mwenye nyumba akamwamsha mjukuu wake, mtoto wa miaka minane hivi, anisindikize kwa simu ya tochi. Yule mtoto alitangulia akitembea kinyumenyume, mwanga kauelekeza miguuni pangu, yeye mwenyewe anakanyaga giza. Nikamwambia, wewe utaanguka. Akasema, "Mgeni hayajui mawe."

Hiyo sentensi ndiyo iliyobeba makala yangu ya pili. Neno ukarimu halimo hata mara moja.

Sasa wewe unayeanza, hasa kama umetoka pwani kama mimi wa Tanga, kuna jambo utakuja nalo bila kulipakia. Ule utani kwamba Wagogo ni ombaomba. Nilikua nikiusikia, nikaucheka, na nikauingiza kwenye rasimu ya kwanza nikidhani unachekesha. Kisha nikajiona: mimi ndiye naomba tochi, naomba maji ya kuoga, naomba kuelezwa neno. Ndipo nikaanza kuuliza wazee kuhusu njaa. Huku njaa zina majina, na ile ya 1917 hadi 1920 inaitwa Mtunya. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita hapa. Majeshi yakachukua ng'ombe na nafaka, vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi, halafu mvua nazo zikagoma. Watu walikufa kwa maelfu, na wengine wakatawanyika kutafuta chakula kwa majirani. Sisemi utani wote umezaliwa hapo. Nasema mwandishi anayerudia kichekesho bila kuuliza nyuma yake kuna nini, hajafanya kazi.

Turudi kwenye begi. Tangu treni ya umeme kutoka Dar ilipoanza mwaka 2024, kufika Dodoma kumekuwa rahisi, mwendo wa saa nne hivi, na wengi wanashuka stesheni na masanduku kama wanahamia. Shida inaanza baada ya hapo, kwenye Kosta na bodaboda. Chukua begi unaloweza kulipakata. Nguo za kubadili jozi mbili zinatosha: miezi ya kiangazi hewa ni kavu, ukifua jioni, asubuhi unavaa. Sweta usiliache, Juni na Julai upepo wa usiku hauna mzaha. Kitenge kimoja kitakuwa shuka, taulo na pazia la bafu. Dawa zako beba zote, hapo hakuna ushujaa. Daftari dogo na penseli. Zawadi usitoke nayo mjini. Nunua sukari na majani ya chai kwenye duka la palepale kijijini, kwa sababu muuza duka atakuambia, bila kuulizwa, nyumba unayokwenda wanakunywa chai ya namna gani na nani anaumwa.

Wala sikufundishi kudoea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa debe la karanga za kumenya, za kuungia mlenda, na nakuhakikishia mtu ambaye mikono yake imeshughulika anazungumza kuliko anayekodolewa macho na mwenye daftari. Daftari nilikuwa nalifungua usiku tu. Naandika harufu, neno nisilolijua, bei ya kitu kimoja, na swali nililoona aibu kuuliza. Asubuhi naanza na hilo swali.

Maneno yao yaache yalivyo. Niliwahi kuandika kwamba tembe ni kijumba duni cha udongo. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, akaniwekea mkono begani akanielekeza juu: dari lile bapa la udongo mchana linazuia jua, usiku linahifadhi joto, na nafaka inaanikwa hapohapo. "Wewe wa bati," akaniuliza, "mchana unakaa wapi?" Nyumba yangu ya bati Dodoma mjini saa nane mchana haikaliki. Nililifuta lile neno duni.

Kosa la Kolo, kule Kondoa, lilikuwa la namna hiyohiyo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, nami nikaiandika kama makaburi, mambo yaliyokwisha. Kumbe baadhi ya yale mapango wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko. Nilikuwa nimesimama katika mahali pa ibada pa watu na kupaita makumbusho.

Siku hizi makala haitoki mikononi mwangu kabla wahusika hawajasomewa. Ile ya tochi niliituma kwa simu, mwalimu akamsomea bibi barazani, jioni. Nilingoja nikiwa na wasiwasi, maana niliandika hadi vidole vyake vilivyopinda. Jibu likaja siku ya pili. Bibi hana neno, ila mjukuu analalamika. Hana miaka minane, ana tisa.

Nimerekebisha.