Mbio za hisani: tuulizie gari, si mkimbiaji

Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Je, wanawake wanaokimbia mbio ndefu kuchangisha pesa za hisani wanasaidia wagonjwa au wanajitafutia sifa?", limenigusa pabaya. Sifa si hoja. Anayezitaka apewe, mradi pesa zifike. Mngeuliza shilingi inayoahidiwa mkimbiaji hupitia wapi, na ikishafika hulipia nini. Msimamo wangu nautoa mapema: nyingi ya mbio hizi zingefutwa, na wachangaji wakatuma hela zao moja kwa moja kwenye paybill ya hospitali, yaani namba yake ya kulipia kwa simu, mgonjwa angefaidi zaidi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kiingilio ni shilingi 2,000. Fulana ikila 600, medali 300, nambari ya kifuani na chipu ya kupima muda 200, kisha maji, ambulensi, vyoo vya kukodi, bima na watu wa kuongoza magari vigawanywe kwa kila kichwa vifike 500, zinabaki 400. Mgonjwa kapata moja ya tano, na hapo hakuna aliyeiba. Mdhamini wa fulana na medali akipatikana, picha inabadilika kabisa, ndiyo maana waandaaji wanaojua kazi humtafuta kabla ya kutangaza tarehe. Wengine hutangaza, wakaagiza fulana kwa kukisia, na baada ya mbio wanabaki na maboksi ya saizi ndogo ambayo hayauziki kwa mtu. Kibali cha kuchangisha nacho husahaulika hadi wiki ya mwisho, ilhali sheria ya Kenya ya michango ya hadharani, Sura ya 106, haijaanza kutumika leo.

Lakini kuna siku moja inayoniharibia hoja hii.

Tarehe 13 Aprili 2014 Wakenya walifagia barabara za London. Wilson Kipsang alishinda kwa wanaume. Kwa wanawake, Edna Kiplagat alimaliza kwa 2:20:21, akimwacha Florence Kiplagat kwa sekunde 3 tu. Edna alikuwa tayari bingwa wa dunia mara mbili. Hata hivyo, hapa nyumbani mazungumzo mengi yalimhusu mwanamke mwingine aliyekuwa nyuma sana: Margaret Kenyatta, mke wa rais wakati huo, aliyekimbia kuchangisha pesa za afya ya akina mama na akatumia saa 7 na dakika 4, siku 5 baada ya kutimiza miaka 50.

Tuutazame mwendo huo, maana ulichekwa na watu wasiojua wanachokicheka. Edna alikuwa akiimeza kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde 20 hivi. Mama Margaret alitumia kama dakika 10. Huo ni mwendo wa kutembea kwa kasi na kukimbia kwa zamu, na ukiufanya kwa kilomita 42 na mita 195 unakutana na mambo ambayo bingwa hayaoni. Mguu unakaa ndani ya kiatu kwa saa 7, unavimba, na kiatu kilichotosha asubuhi kinaanza kuua kucha. Ndiyo maana kiatu cha mbio huachiwa nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Soksi ya pamba ikilowa jasho huleta malengelenge. Mshono wa sidiria ya michezo, ambao kwa nusu saa hausumbui, kwa saa 5 unachuna ngozi chini ya matiti hadi damu, kwa hiyo mafuta ya kupaka hupakwa kabla ya kuondoka, si baada ya kuwashwa. Chakula kinachotosha saa 2 hakitoshi saa 7: lazima ale njiani, kidogo kidogo, na tumbo lake liwe limezoeshwa mazoezini.

Maandalizi ya mwendo huo nayo si ya kubahatisha. Anayeanzia karibu na sifuri anahitaji wiki 20, siku nne kwa wiki, na siku moja kati ya hizo ni ya safari ndefu inayoongezwa taratibu. Kila wiki ya nne anapunguza, mwili upumue. Mwanamke wa mwendo wa dakika 10 asilazimishwe kilomita 32 za mazoezi kwa kuwa kitabu kimesema. Apimwe kwa saa, zisizidi 5, maana akizidisha hapo anavuna majeraha tu. Wiki 2 au 3 za mwisho ni za kupunguza, na hapo ndipo wengi huingiwa na hofu wakaongeza.

Narudi kwenye pesa. Kilichonivutia mwaka ule ni mpangilio. Kampeni yake ya kuchangisha, Beyond Zero, ilizinduliwa Januari, nusu marathoni ikafanyika Nairobi Machi, London ikafuata Aprili. Mchangaji aliyekosa mara ya kwanza alipata ya pili na ya tatu, huku akiona mkimbiaji anazidi kujipa kazi ngumu. Na kilichokuwa kikinunuliwa kilieleweka na kila mtu: kliniki tamba, yaani gari lenye kliniki ndani, moja kwa kila kaunti, 47 kwa jumla. Mchango wa "afya ya akina mama" haushikiki mkononi. Ila "gari la kaunti yetu" mtu anaweza kuuliza limefika wapi. Katika nchi iliyolelewa na harambee, hilo si jambo dogo. Mtu hachangii takwimu, anachangia jasho analoliona. Bingwa hawezi kutuonyesha jasho hilo kwa sababu anafanya ionekane rahisi. Wa saa 7 anaweza.

Sasa mnaona ninavyoanza kuyumba.

Hata hivyo gari likishafika, mbio ndefu kuliko zote ndiyo inaanza. Linataka dereva, muuguzi, dizeli, dawa na matairi kila mwezi, na tangu ugatuzi uanze 2013 hayo ni mzigo wa kaunti. Vyombo vya habari viliripoti baadaye kliniki zilizoegeshwa kwa kukosa wahudumu na mafuta. Mbio hununua kitu mara moja, na gharama za kukiendesha hazina medali. Wapo pia wanaosema vifo vya akina mama kutokana na uzazi vilishuka kutoka 488 hadi 362 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa sababu ya kampeni ile. Si kweli. Takwimu ya 362 ni ya utafiti wa afya wa 2014, na ilikuwa ikitazama miaka 7 ya nyuma, karibu yote ikiwa kabla gari la kwanza halijawashwa. Huduma ya bure ya uzazi yenyewe ilitangazwa Juni 2013. Tusimpe mkimbiaji sifa ambayo hata yeye hakuiomba.

Kuna hatari moja ambayo fomu za mbio za hisani haziitaji. Mwenye ahadi za watu shingoni haachi njiani. Mkimbiaji wa kawaida akiona nyota anakaa chini. Huyu anaona majina 60 kwenye karatasi, anaendelea. Na wa mwendo wa polepole hufika kila meza ya maji na kunywa, kwa kuwa kila mtu amemwambia anywe. Maji yakizidi, sodiamu ya damu, yaani chumvi yake, inashuka na ubongo unavimba. Boston, mwaka 2002, mwanamke wa miaka 28 aliyekuwa akikimbia kuchangia wagonjwa wa leukemia, saratani ya damu, alifariki kwa hilo. Kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu katika mbio hizo hizo, 13 kwa kila 100 walikuwa na sodiamu ya chini, na hatari ilikuwa kubwa kwa waliozidisha saa 4 na kwa waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Kwa hiyo anywe akiwa na kiu. Siku za safari ndefu apande mizani kabla na baada. Akirudi ameongezeka, amezidisha. Pete ikianza kubana kidoleni, kichwa kinauma na anachanganya maneno, asiongezewe maji, apelekwe kwa daktari.

Mbio za afya ya uzazi huvuta pia wanawake waliojifungua karibuni, na hao wana kanuni yao. Mwongozo wa wataalamu wa mwaka 2019 unashauri wasirudi kukimbia kabla ya miezi 3 baada ya kujifungua. Hata hapo, mkojo ukivuja au akihisi uzito ukeni, bado. Atembee kilomita 5 na apewe medali ile ile.

Basi hukumu yangu, baada ya kuanza kwa kutaka mbio zifutwe: wakimbie. Ila iwe nusu marathoni, kilomita 21, isipokuwa kwa aliyekwisha kuimaliza nusu na akabaki na wiki 20 za kujiandaa. Ahadi zilipwe kabla ya mbio, kwa sababu zinazongojwa baada ya mbio huyeyuka kabla miguu haijapona. Tangazo litaje kitu kimoja, idadi yake, na nani atalipa dizeli ya mwaka wa pili. Hapo siwezi kuapa kwamba mgonjwa atapata zaidi kuliko kwa paybill; nadhani atapata, pale tu fulana zikiwa zimelipiwa na mtu mwingine. Na kwenye fomu ya ahadi uandikwe mstari mmoja kwamba pesa ni halali hata mkimbiaji akiishia kilomita ya 15. Mfadhili akikataa kuutia saini, jina lake lifutwe kwenye orodha.