Shilingi Tatu za Kaunti: Kwa Anayeanza Kuandika Siasa za Mombasa

Kabla hujamtaja gavana, jua kazi ni ya nani. Feri ya Likoni ikikwama, wengi huitupia kaunti lawama, kumbe feri ni ya serikali kuu, sawa na bandari, polisi na shule za msingi. Soko la Kongowea, chekechea, zahanati, hospitali ya Coast General, taka na mitaro ya mitaani ni mambo ya kaunti. Barabara zina mtego: ile kubwa ya kwenda Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu, lakini vijia vinavyoingia mitaani kutoka hapo vingi ni vya kaunti, vingine vya KURA, mamlaka ya taifa ya barabara za mijini. Maji nayo yana wenyewe wawili. Mengi huja kutoka Mzima, Taita Taveta, na Baricho, Kilifi, kupitia shirika la serikali kuu, kisha kampuni ya kaunti huyagawa majumbani. Mfereji ukikauka, uliza kwanza maji yamekatikia upande gani.

Kaunti ina maeneobunge sita na wadi 30. Likoni ni jina la eneobunge na pia la wadi moja ndani yake, Changamwe vilevile. Ukisoma kwenye bajeti "mtaro, Likoni", hakikisha kama ni wadi ya Likoni au ni Likoni nzima pamoja na Mtongwe, Shika Adabu, Bofu na Timbwani. Watu wameshagombana barazani kwa kosa hilo tu, kahawa ikipoa.

Sasa pesa, na hapa ndipo pa kukaa sana. Kila shilingi ya kaunti ina hali tatu: iliyotengwa, iliyotolewa na iliyotumika. Iliyotengwa ni ahadi iliyopitishwa na bunge la kaunti. Iliyotolewa ni ile ambayo Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget, ofisi ya kitaifa) ameidhinisha itoke kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Iliyotumika imelipwa kwa mtu. Wanasiasa hutangaza ya kwanza kana kwamba ni ya tatu, nao wapinzani wao huichukua hiyo hiyo ya kwanza na kupiga kelele za wizi.

Tuseme mitaro ya Junda, wadi ya Kisauni, ilitengewa milioni 40. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30: zimetolewa milioni 12, zimetumika 9. Zile 28 hazikutoka kabisa, kwa hivyo usiandike zimeliwa. Andika kwa nini hazikutoka. Mara nyingi mgao wa Nairobi umechelewa, au kaunti ilikadiria mapato ya ndani (maegesho, leseni za biashara, kodi ya ardhi) kwa tumaini kuliko hesabu. Mishahara haingoji, ujenzi ndio husukumwa mbele. Zile 3 zilizotoka bila kutumika ni za kuulizia ofisini. Zile 9 ni za kwenda kuzitazama kwa macho yako. Na kama mkandarasi amefanya kazi ya milioni 20 akalipwa 9, milioni 11 ni deni litakalokula bajeti ya mwaka ujao. Basi bajeti mpya ikitangazwa, tafuta kwanza madeni ya wakandarasi, ndipo utazame miradi mipya.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, bure mtandaoni. Ila hesabu zake ni za idara kwa idara. Mtaro mmoja wa Junda huenda usiuone humo. Huo utaupata kwenye mkataba.

Kuhusu vikao vya maoni ya wananchi: wengi hujitokeza Mei, makadirio ya bajeti yakiwa yameshafika bunge la kaunti (mwisho wake ni Aprili 30). Wakati huo kiwango cha kila idara kimeshafungwa. Hufungwa kwa waraka wa mkakati wa fedha, unaopelekwa bungeni kufikia Februari 28. Ukitaka zahanati ziongezewe, nenda kwenye kikao cha Februari, hata kama ukumbi ni mtupu na hakuna soda. Mei, kwa kawaida, utaweza tu kuhamisha pesa ndani ya idara ile ile.

Nyaraka huombwa kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili, na hulazimiki kueleza sababu. Barua nyingi hukwama kwa sababu ya maneno. "Naomba kujua pesa za mtaro zilienda wapi" ni manung'uniko, na karani ataiweka kando. Andika hivi: "Naomba nakala ya mkataba, orodha ya kazi na vipimo vyake, na vyeti vya malipo vya mradi huu," kisha taja jina la mradi, wadi na mwaka wa fedha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Ofisi ina siku 21, nayo inaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Zikipita kimya, sheria inahesabu umenyimwa, na malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Bila muhuri, hizo siku 21 huna pa kuzihesabia.

Ukifika kwenye mradi, piga picha ya bango la mradi kwanza, uhakikishe maandishi yanasomeka, kisha mtaro wenyewe ukiwa na mtungi wa lita 20 kando yake ili ukubwa uonekane. Pima upana na kina kwa futi kamba, sehemu tatu tofauti, ulinganishe na ile orodha ya vipimo. Mtaro uliokamilika Januari urudie masika, Mei hivi, maana kiangazi hakuna mtaro mbovu. Angalia unapoishia: mingi hujengwa vizuri mita mia, ikamwaga maji kwenye uwanja wa jirani.

Kisha mpigie mhusika kabla ya kuchapisha. Asiposhika, mtumie ujumbe wenye maswali mawili au matatu ya wazi, mpe siku mbili, uhifadhi picha ya ujumbe huo na saa yake. Akijibu kwa matusi, chapisha jibu la swali peke yake.