Nanasi Kiwangwa: anza na tarehe ya kuuza, na hizo habari za "dawa" tuziweke sawa

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema una ekari mbili upande wa Kiwangwa na unataka kujua nanasi itarudisha hela baada ya muda gani. Kuna dada naye kaongezea la mama yake mwenye sukari anayekunywa maji ya maganda ya nanasi kila asubuhi. Mimi nalima huko huko, barabara ya Bagamoyo kwenda Msata. Nitajibu yote mawili, ila la shamba litakuwa refu.

Hiyo hesabu uliyotumiwa ya miche 20,000 kwa ekari, mara shilingi elfu moja kwa tunda, ni kilimo cha kikokotoo. Ukipanda mistari pacha, sentimita 30 toka mche hadi mche, 60 kati ya mistari miwili inayokaa pamoja na 90 za njia, ekari inabeba miche kama 18,000. Hapo hujatoa kichuguu, kona inayotuama maji na sehemu ya gari kugeuzia. Na mnunuzi akifika shambani hahesabu tu, anapanga makubwa, ya kati na madogo, na yale madogo anataka umpe kama nyongeza. Ila kasoro kubwa ya hesabu ile ni kwamba haina tarehe. Nanasi la Desemba na nanasi la Mei ni biashara mbili tofauti.

Sababu ni hii. Nanasi ukiliacha lijiendee lenyewe, linashtuliwa na ubaridi na usiku mrefu wa Juni hadi Agosti, ndipo linatoa maua. Shamba lako likishtuka, na la jirani limeshtuka, na la kijiji cha pili vilevile. Matokeo yake Novemba hadi Januari mananasi yanaiva kwa mkupuo, na dalali ndiye anayepanga bei, kwa kuwa anajua ukimkatalia wewe, jirani yako atamkubalia kabla hajawasha Fuso. Na tunda limeshaiva, huwezi kuliweka stoo kama mahindi ukisubiri bei ipande.

Dawa yake ni kuamua wewe lini mmea utoe maua. Wala si jambo la jana. Karne ya 19 wakulima wa visiwa vya Azores vya Ureno, waliokuza nanasi ndani ya nyumba za vioo, waligundua kuwa moshi unaifanya mimea itoe maua kwa pamoja. Ndani ya moshi mna gesi ya ethilini, na hiyo ndiyo inayoamrisha ua. Siku hizi wengi wanatumia ethefoni, dawa ya maji inayotoa gesi hiyo hiyo ikishaingia kwenye mmea. Wengine wako kwenye kabidi, yale mawe ya wachomeleaji wa gesi, ambayo yakikutana na maji yanatoa asetilini nayo inafanya kazi ileile.

Kabidi inatumika alfajiri. Kikombe cha katikati ya majani kinakuwa bado kimejaa umande. Unadondosha kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, maji yanachemka, povu jeupe linapanda, harufu ya gereji inakupiga puani, unahamia mche unaofuata. Vaa glavu, na asiwepo mtu mwenye sigara karibu, gesi hiyo inashika moto. Ethefoni nayo piga jioni au alfajiri. Nanasi lina tabia ya kufungua vinyweleo vya majani usiku na kuvifunga mchana ili lisipoteze maji, kwa hiyo dawa ya saa saba mchana unaipigia ukuta. Kipimo fuata kibandiko cha chupa, usifuate cha jirani. Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupiga, hesabu kwamba itabidi urudie. Ikikubali, wiki ya sita au ya saba utaona wekundu unachungulia moyoni mwa mmea, na toka siku ya dawa hadi kuvuna ni miezi mitano na nusu hivi, kwenye baridi inasogea hadi sita.

Sasa rudi nyuma na kalenda. Ukitaka kuvuna Mei, dawa inaingia mwishoni mwa Novemba. Wengi wa ukanda wetu wanalenga Ramadhani kwa sababu ya juisi za futari, na hapo kuna mtego ambao sioni watu wakiuzungumza. Ramadhani inawahi kwa siku kama kumi na moja kila mwaka. Ya 2028 inaanguka mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake inaingia katikati kabisa ya msimu wetu wa kufurika. Wateja watakuwepo, lakini na mzigo wa kila mtu utakuwepo. Mimi naona miaka hii inayokuja pesa iko Aprili hadi Agosti, ingawa hali ya hewa ya ubaridi inapunguza wanywaji wa juisi na masika inaharibu njia za ndani. Kama shamba lako liko mbali na lami, hiyo Aprili ifikirie mara mbili.

Dawa hiyo haina huruma na mmea mdogo. Utatoa ua, ndiyo, na tunda lake utalishika kiganjani. Subiri mmea uwe na majani yasiyopungua thelathini yaliyoshiba. Hapa ndipo mbegu inapoamua kila kitu. Maotea makubwa yanayochipua ubavuni mwa shina yanakufikisha kwenye tunda kwa miezi 15 hadi 18. Vile vichipukizi vidogo vya kwenye kikonyo, chini ya tunda, vinachelewa zaidi, na kile kichwa cha majani kinaweza kufika miaka miwili. Usivichanganye kwenye tuta moja. Chambua kwa ukubwa kabla ya kupanda, kila kundi na kipande chake, la sivyo siku ya dawa nusu ya shamba iko tayari na nusu bado inanyonya.

Kwa hiyo jibu la swali lako: usitegemee hela kabla ya mwaka na nusu. Mzao wa pili unatoka kwenye maotea yaliyobaki na unawahi kuliko wa kwanza, matunda yakiwa madogo kidogo. Ukikopa kwa marejesho ya kila mwezi ili ulime nanasi, utalipa kwa kitu kingine.

Ukienda kununua maotea usinunue kwa picha ya simu. Shika chache, bandua majani ya chini, tazama kwenye shina. Ukikuta vitu vyeupe kama unga vimejibanza, hao ni wadudu waitwao vidung'ata. Wanaeneza ugonjwa wa mnyauko: majani yanageuka mekundu, ncha zinakauka na kujikunja kwa chini, mizizi inakufa. Sisimizi ndio wachungaji wao, wanawabeba toka mche hadi mche kwa ajili ya utamu wanaoutoa, kwa hiyo ukipambana na vidung'ata ukawaacha sisimizi umefanya nusu ya kazi. Maotea yakishafika yaanike siku chache, kitako juu, kidonda kikauke.

Udongo hausumbui sana. Nanasi linapenda udongo wenye tindikali, pH kati ya 4.5 na 5.5, usiotuamisha maji. Majivu na chokaa ambavyo watu wanamwaga kila mahali, huku viache. Pakituama maji inua matuta, maana moyo ukioza unaung'oa kwa vidole viwili na harufu yake hutaisahau. Palizi ndiyo itakayokula hela yako kuliko mbolea. Kuhusu aina, Kiwangwa kumejaa Smooth Cayenne, ile yenye miiba ya nchani tu. MD2, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Del Monte mwaka 1996, ni tamu zaidi na ina vitamini C nyingi zaidi, ila mbegu yake ni ghali na inaoza moyo na mizizi upesi. Kwa mtu anayeanza, baki na Cayenne.

Na kuvuna: nanasi haliivi likishakatwa. Halina wanga wa akiba wa kugeuza kuwa sukari kama ndizi. Ganda litageuka njano, ndani litabaki na uchachu uleule uliolikata nao, na wapo wanaopaka ethefoni kwenye tunda bichi ili lipendeze machoni. Mnunuzi wa mjini asidanganywe na rangi. Nusa kitakoni. Kama hakuna harufu, hakuna utamu.

Hapo ndipo tunaingia kwenye afya. Gramu 100 za nanasi bivu zina kalori kama 50, vitamini C karibu miligramu 48, ambayo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, na madini ya manganizi kwa wingi. Nyuzinyuzi ni gramu moja na kitu, si nyingi kama watu wanavyodai. Halafu kuna bromelini, kimeng'enya kinachokata protini. Ndiyo maana nyama ngumu ukiipaka nanasi lisilopikwa inalainika, na ndiyo inayokuwasha ulimi ukila jingi, ikisaidiana na vijisindano vya oksaleti. Ulaya kuna dawa iliyoidhinishwa mwaka 2012 inayotengenezwa kwa bromelini ya shina la nanasi, kazi yake kuondoa ngozi iliyokufa kwa majeruhi wa moto. Hiyo ni dawa iliyosafishwa na kupimwa, inatumiwa hospitalini. Mtu asikwambie vipande viwili vya nanasi vinafanya kazi hiyo hiyo tumboni.

Ule ujumbe wa WhatsApp wa "maji moto ya nanasi yanaua saratani" ni uongo. Tena unajipinga wenyewe, kwa sababu bromelini inaharibika kwa moto.

Dada, kuhusu mama. Maji ya maganda hayatibu sukari, na ganda ndilo lililopigwa dawa zote za shambani, mimi najua ninachopiga. Akiyapenda kama kinywaji, maganda yasuguliwe kwa brashi na maji mengi, asiweke sukari, na asiache vidonge hata siku moja. Tunda lenyewe anaweza kula kipande kimoja au viwili vyembamba, baada ya chakula badala ya kwenye tumbo tupu, kisha apime aone mwili wake unasemaje. Juisi aikwepe: glasi moja inameza sukari ya vipande vingi na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Kama anatumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kuzidisha nanasi, na asiguse kabisa vidonge vya bromelini vinavyouzwa mtandaoni bila kumwambia. Mwenye vidonda vya tumbo naye apime, uchachu unamchokoza.

Shemeji aliyesema mjamzito asiguse nanasi kwa sababu mimba itatoka: nanasi bivu kwa kiasi cha kawaida cha chakula halitoi mimba. Nanasi bichi ndilo la kukaa nalo mbali, linaweza kumtapisha na kumharisha mtu yeyote, awe mjamzito au asiwe.

Mkuu, kabla hujalipa mtu wa trekta, andika hapa mambo matatu: shamba liko umbali gani toka lami, masika maji yanapita wapi, na maotea unayoahidiwa yana ukubwa gani. Mwezi wa kupanda tutaupata kwa kuhesabu kurudi nyuma.