Chapati Iliyotoka Jasho

Swali lenu wiki hii lilikuwa hili: mtoto anayechagua chakula, unamfungia nini cha kubeba shuleni? Najua wengi watawaandikia orodha ya vyakula. Mimi nina swali kabla ya jibu. Wewe unayefunga, umewahi kukila chakula hicho saa saba kasorobo mchana, baada ya kulala ndani ya mkebe tangu alfajiri?

Mimi sikuwa nimewahi. Ni fundi cherehani hapa Kisumu, kibanda changu kiko Kibuye, na mama watoto anafanya kazi Busia, hurudi Ijumaa jioni. Kwa hivyo kuamka saa kumi na moja na kuwasha jiko ni zamu yangu. Binti yetu yuko Gredi ya 2. Muhula mzima mkebe wake ulikuwa ukirudi umejaa, na kwenye shajara mwalimu ameandika neno moja tu: "Hakula."

Mama yangu, ambaye wajukuu wote humwita Dani, alikuwa na dawa yake. "Mwache ashinde njaa siku mbili, atakula hata kifuniko." Nikamsikiliza. Mtoto alishinda njaa kweli, akafika nyumbani saa kumi analalamika kichwa, akamaliza nusu mkate kwa chai, na chakula cha jioni kikakosa nafasi tumboni. Kesho yake vivyo hivyo. Dani akanyamaza.

Kisha nikajaribu ujanja. Omena huliwa mzima na mifupa yake, ndiyo maana ana kalsiamu nyingi, na binti yangu hataki hata kumwona. Nikamkaanga akakauka kabisa, nikamsaga kwenye blenda, nikachanganya vijiko viwili na unga wa mandazi. Asubuhi hakugundua. Kufika mchana, ndani ya mkebe uliofungwa, harufu yote ilikuwa imejikusanya inamsubiri afungue. Wenzake wa meza walimcheka. Kwa mwezi mzima hakugusa mandazi yangu, hata yale yasiyo na kitu. Kila nikimpa ananusa kwanza huku ananitazama usoni. Sijaficha chakula ndani ya chakula tena.

Mkebe wenyewe nilikuja kuujua kwa bahati. Asubuhi moja aliamka na homa nikiwa nimeshafunga, Dani akabaki naye, mimi nikabeba mkebe wake kazini. Saa saba kasorobo nikaufungua. Chapati niliyoitoa kwenye kikaango na kuifunika papo hapo ilikuwa imetoka jasho. Matone ya maji yamejipanga chini ya kifuniko, mengine yameshadondoka. Upande wa juu ulikuwa umelowa, unanata vidoleni. Ukingoni imekuwa ngumu kama kola niliyoitia gundi. Ndengu zilikuwa zimevuka ukuta wa mkebe zikaingia kwenye ndizi. Zilikuwa pia zimeanza kuchacha, na si ajabu: saa zote hizo vuguvugu, kwenye joto la Kisumu linalokaribia nyuzi 30 mchana. Mimi mtu mzima, na njaa yangu, sikumaliza. Nikakaa pale na mkebe mapajani nikikumbuka mara ngapi nimemwambia huyu mtoto kwamba anaringa.

Tangu siku ile nafunga mikebe miwili, wa kwake na wa kwangu, chakula kimoja, na mimi sili mpaka saa yake ya kula ifike. Chipsi zilianguka mtihani wiki ya kwanza: zinafyonza mvuke wake zenyewe, zikalegea kama nyuzi za sweta kuukuu. Mayai ya kuchemsha ni mazuri, lakini yakifungwa na ganda lake. Ukiyamenya asubuhi, ukifungua mkebe darasa zima linageuka. Chapati nayo niliisamehe. Sasa naipika usiku, naiacha ipoe kabisa, asubuhi naipasha kidogo, inapoa tena juu ya kitambaa, ndipo naikunja ndani ya kifuko cha pamba nilichoshona kwa mabaki ya sare za shule. Pamba inakunywa unyevu. Mchana inakunjika bila kukatika.

Wali ndio ulionisumbua zaidi, na hapa naomba wazazi mnisikilize. Wapo tunaopika jioni, sufuria inalala juu ya jiko, asubuhi tunapasha kiporo na kumfungia mtoto. Kuna bakteria wa kwenye mchele ambao wanajifungia kama mbegu, hawafi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu wanaamka, wanazaana, na sumu wanayotoa haiishi hata ukiupasha tena. Kwa hivyo wali wa shule naupika alfajiri hiyo hiyo, mchele wa Ahero, na unaingia ndani ya themosi yenye mdomo mpana. Themosi naijaza kwanza maji yanayochemka, naifunga dakika 10, naimwaga, ndipo chakula kinaingia kikiwa moto wa kuunguza. Nilijaribu na isiyopashwa nikaona tofauti: mchana ile ilikuwa vuguvugu tu, hii bado inatoa moshi. Chakula ama kikae juu ya nyuzi 60, ama kiwe kikavu cha kuliwa baridi. Mchuzi sichanganyi. Binti yangu wali ukiguswa na mchuzi kabla yeye hajaamua, basi umekufa.

Samaki ilibidi tuongee. Ngege ana miiba, na kuchambua miiba darasani ni kazi ya nusu saa. Mbuta wa vipande visivyo na mfupa, aliyekaangwa akakauka, anakubalika. Viazi vitamu vya Kabondo, hasa vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, havina shida kabisa: vikichemshwa na kupozwa havitoi maji, havinuki, mkono ukishika haupaki mafuta. Sukuma wiki hataki, nami siifungi. Anaikuta mezani jioni, mimi nikiwepo, anakula au anaacha. Husemwa kwamba mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kipya mara 10 hadi 15 ndipo akikubali. Sawa, lakini hizo mara 15 ziwe nyumbani. Mkebe wa shule si mahali pa majaribio. Pale anakula peke yake, ana dakika chache, na kuna rafiki ambaye mkebe wake una soseji.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba sasa tunakaguana. Jioni tunafungua mikebe yote miwili kwenye karo kabla ya kuiosha, na yeye hukimbilia wa kwangu kwanza. Alhamisi iliyopita akakuta nusu ya chapati.

"Baba, leo umechagua?"

Nikamwambia wateja walikuwa wengi. Akainusa ile chapati, akanitazama usoni, hakuniamini.