Kabla hujaandika make: niliyojifunza nikijenga LibreOffice kutoka kwenye msimbo

Feni ya laptopi yangu iliponyamaza saa nane usiku, nilishtuka usingizini. Ilikuwa ikivuma tangu jioni, nami nilikuwa nimelala nikijua kazi inaendelea. Nikaamka kutazama. Chini kabisa ya terminali paliandikwa `Error 2`, maneno yasiyokuambia lolote. Nikapandisha juu mstari mmoja mmoja mpaka nikaufikia uliobeba habari yenyewe: `c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`. Kompaila, ile inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, ilikuwa imeuawa. Msimbo haukuwa na kasoro yoyote. RAM ilikuwa imekwisha, na mfumo ukaichagua hiyo kompaila ukaiua ili mashine nzima isigande.

Nilikuwa najenga LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kutoka kwenye msimbo wake. Tangu siku ile vijana kadhaa wameniuliza njia, na karibu wote wamekwama palepale nilipokwama mimi: waliandika `make`, amri ya kuanzisha ujenzi, mapema mno. Basi nimeona niandike, ili anayetaka kujaribu aanze mbele kidogo ya pale nilipoanzia.

Shida yangu ilianzia kwenye maneno mawili matatu ya dirisha la kuhesabu maneno ndani ya Writer, sehemu ya LibreOffice ya kuandikia. Naandika kwa Kiswahili kila siku na lile dirisha nalifungua mara nyingi, nikawa na tafsiri niliyoiona inafaa zaidi. Lakini neno la Kiswahili mara nyingi ni refu kuliko la Kiingereza, na likiingia kwenye dirisha dogo huweza kulivuta likapanuka au likakatwa mwisho. Hayo huyaoni ukitazama orodha ya tafsiri peke yake. Nilitaka kuliona neno langu likiwa mahali pake kabla sijalipendekeza kwa wenzangu.

Na kazi hii ya Kiswahili ina watangulizi ambao nawaheshimu sana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ikizungumza Kiswahili. LibreOffice yenyewe ilizaliwa mwaka 2010 ilipojitenga na OpenOffice.org, ambayo nayo ilitokana na StarOffice ya kampuni ya Kijerumani, Star Division. Ndiyo maana ndani ya msimbo utakuta folda zinaitwa sw, sc na sd: StarWriter, StarCalc, StarDraw. Likumbuke hilo la sw, maana sw ni alama ya lugha yetu pia, na faili niliyokuwa naitafuta ilikuwa na zote mbili katika njia yake: `translations/source/sw-TZ/sw/messages.po`. Ile ya kwanza ni Kiswahili cha Tanzania, ya pili ni programu ya kuandikia.

Sasa tuingie kazini.

Jambo la kwanza ni kuchagua toleo. Usichukue tawi kuu, lile linalobadilika kila siku, kama huna sababu. Mimi natumia Ubuntu 24.04, ambayo inakuja na LibreOffice 24.2, kwa hiyo nilichukua tawi la `libreoffice-24-2`. Faida yake ni hii: amri ya `sudo apt build-dep libreoffice` inakusanya maktaba zote (misimbo iliyokwisha kuandikwa ambayo programu huitegemea) zilizohitajika kuijenga LibreOffice ya Ubuntu hiyohiyo, na tawi likilingana na toleo hilo, unakuta karibu kila kitu kipo. Ukichukua tawi kuu, huenda likadai kompaila mpya kuliko uliyo nayo, ukaanza kukimbizana na matoleo. Amri hiyo ikikataa na kutaja `deb-src`, fungua faili ya `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`, kwenye mstari wa `Types: deb` ongeza `deb-src` mbele yake, kisha fanya `sudo apt update`. Hapo itakubali.

Kuhusu bando: historia yote ya mradi huu ni kubwa, na kama lengo lako ni kujenga tu huihitaji. `git clone --depth 1 -b libreoffice-24-2` inakuletea hali ya sasa ya tawi bila miaka yote iliyopita. Hata hivyo bado kuna maktaba za nje ambazo mradi unazipakua wenyewe, zote zimeorodheshwa kwenye faili ya `download.lst` pamoja na alama za kuhakiki kila moja. Ukitumia `--with-external-tar` unazielekeza kwenye folda ya pembeni, hivyo hata ukifuta kila kitu na kuanza upya huzipakui tena. Kisha, ukishasanidi kama nitakavyoeleza hapa chini, kuna amri ya `make fetch` inayopakua tu bila kujenga. Mimi niliipeleka laptopi mahali penye intaneti nzuri, nikafanya `make fetch` nikiwa palepale, halafu ujenzi wenyewe nikaufanyia nyumbani bila kugusa bando.

Hapa kwenye usanidi ndipo ninaposisitiza, na ndipo ningeomba utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. LibreOffice ina machaguo mengi sana. Andika `./autogen.sh --help`, tia chai kwenye kikombe, usome. Huna haja ya kuyaelewa yote. Soma kwa swali moja kichwani: nahitaji nini, na nini sihitaji? Mimi nilihitaji Writer na Kiswahili. Sikuhitaji Java, wala kurasa za msaada. Machaguo yako unayaandika kwenye faili inayoitwa `autogen.input`, kila moja kwenye mstari wake, na yangu hatimaye ilikuwa fupi hivi:

`--with-lang=sw-TZ`
`--without-java`
`--without-help`
`--with-parallelism=2`
`--with-external-tar=/home/mimi/vya-nje`

Faili hiyo itunze kama unavyotunza kipimo cha mapishi yaliyokubali. Miezi sita baadaye hutakumbuka ulichoandika kwenye terminali, lakini `autogen.input` itakukumbusha.

Mstari wa nne ndio ulioniokoa. Usipotaja kitu, mradi unahesabu viini vya prosesa yako na kuanzisha kazi nyingi kadiri hiyo kwa wakati mmoja. Laptopi yangu ina viini vinne na RAM ya GB 8. Faili moja nzito ya C++ inaweza kula GB nzima au zaidi inapokompailiwa, na usiku ule zilikuwa nne pamoja, huku kivinjari nimekiacha wazi na kurasa zake zote. Ukitaka uhakika kwamba ni RAM, andika `sudo dmesg | grep -i "out of memory"`. Ukikuta jina la cc1plus, basi usihangaike na msimbo. Punguza kazi hadi mbili, funga kivinjari, endelea. Hutaanza mwanzo: `make` inatazama kilichokwisha kujengwa na kukiruka. Nami nawasihi wenye mashine za GB 4 wasikate tamaa. Wekeni moja. Itachukua muda mrefu zaidi, lakini itafika.

Baada ya kusanidi kwa `./autogen.sh` usiondoke hapo upesi. Soma ulichoandikiwa. Pakiwa na kinachokosekana, `configure`, inayoendeshwa na `autogen.sh`, inasimama na kukitaja, na kwenye Ubuntu au Debian dawa mara nyingi ni kifurushi chenye jina linaloishia na `-dev`. Nimeona watu wakisakinisha maktaba yenyewe na kushangaa kwa nini bado haionekani. Maktaba ya kutumia na vichwa vya kujengea (faili zinazoieleza maktaba kwa kompaila) ni vifurushi viwili tofauti, na unachohitaji ni hicho cha pili. Jambo jingine la kushika: usitumie sudo kwenye `make`. Ukijenga kama mkuu wa mfumo, faili zitakuwa mali yake, na kesho ukirudi kama wewe mwenyewe utakataliwa kila mlango.

Sakinisha ccache pia kabla hujaanza. Inahifadhi matokeo ya kila faili iliyokompailiwa, ili faili ileile ikirudi na machaguo yaleyale isikompailiwe tena. Kiwango chake cha kawaida ni kidogo kwa mradi wa ukubwa huu, kwa hiyo kiongeze kwa `ccache -M 20G` kama diski inaruhusu. Ujenzi wangu wa kwanza ulichukua usiku kucha na sehemu ya asubuhi. Wa pili, baada ya kufuta folda yote ya kazi, haukufika saa moja na nusu.

Kisha umeme. Hili sikulikuta kwenye maelekezo yoyote niliyosoma, na ndilo lililonitesa kuliko yote. Betri ya laptopi yangu imechoka, umeme ukikatika nayo inazima. Ukiisimamisha `make` kwa Ctrl+C, inafuta ile faili iliyokuwa katikati ya kuandikwa. Mashine ikizima ghafla haipati nafasi hiyo, na faili tupu inabaki pale na tarehe mpya, ikionekana kama imekamilika. Nilipowasha tena, ujenzi uliendelea vizuri kwa saa nzima, kisha ukagoma kwenye kuunganisha: `file not recognized`. Nilipoteza siku nzima nikishuku kompaila na maktaba. Dawa ni mstari mmoja:

`find workdir -name '*.o' -size 0 -delete`

Unazifuta zile zenye ukubwa wa sifuri, `make` inaziona hazipo, inazijenga upya. Siku hizi umeme ukikatika, hiyo ndiyo amri ya kwanza ninayoandika kabla ya kitu kingine.

Na kosa likitokea, tafuta lililotangulia. Ujenzi unapofanya kazi mbili au nne pamoja, moja ikianguka nyingine zinamalizia zilichokuwa nacho, kwa hiyo chini ya kosa halisi kunamwagika mistari mingi isiyohusika. Mtu ananakili mistari mitano ya mwisho, anaipeleka kwa wenzake kuomba msaada, na hakuna anayeweza kumsaidia. Fanya `make 2>&1 | tee ujenzi.log`, halafu ndani ya faili hiyo tafuta neno `error:` kuanzia juu. Kama mistari imechanganyikana huelewi ipi ni ya nani, endesha tena kwa kazi moja tu, na kosa litasimama peke yake. Ukienda kuomba msaada, peleka mistari ya pale juu, na `autogen.input` yako pamoja nayo.

Ujenzi ukikamilika, matokeo yako kwenye folda ya `instdir`. Hakuna haja ya kusakinisha chochote. Unaiendesha palepale, na ningekushauri uipe folda yake ya mipangilio ili isiguse LibreOffice unayoitumia kazini:

`instdir/program/soffice -env:UserInstallation=file:///tmp/jaribio`

Ukishafika hapo kazi inakuwa nyepesi sana. Nilifungua ile faili ya `messages.po`, nikatafuta `Word Count`, na chini yake kwenye `msgstr` nikaandika tafsiri yangu. Kisha `make build-nocheck`, ambayo inajenga bila kupitia majaribio yote. Haikugusa msimbo wa C++ hata kidogo, ilipanga tafsiri tu, ikamaliza nikiwa bado nimekaa mezani. Tafsiri zenyewe hazitumwi kama viraka vya msimbo: mradi una jukwaa lake la Weblate, unajiandikisha na kupendekeza huko, na wengine wanaozungumza lugha yako wanapitia.

Nilifungua Writer, nikachagua Kiswahili kwenye mipangilio, nikaifunga na kuifungua tena, nikaandika sentensi mbili na kulifungua dirisha. Kichwa kilikaa vizuri. Ila mstari wa kuhesabu herufi bila nafasi, niliokuwa nimeutafsiri kwa maneno matano, ulikuwa umelivuta dirisha lote likawa pana karibu mara mbili. Nikarudi kwenye faili kutafuta maneno matatu.