Mjomba, huyo Gulliver alipita kwetu?

Mwezi uliopita niligusia hapa Safari za Gulliver, kitabu cha Jonathan Swift kilichotoka London mwaka 1726: tabibu wa melini anasafiri mara nne, na kila safari inamtupa kwa watu wa ajabu kuliko wale wa kwanza. Nilisema tu kwamba nimekirudia usiku mmoja wa mvua, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Maswali sikuyategemea. Yamekuja, mengine kwa sauti, mengine yameandikwa bila nukta hata moja toka mwanzo hadi mwisho. Nimeyapanga kwa madaraja kama korosho za ghalani, na haya ndiyo yaliyopita.

Shikamoo mjomba. Mwanangu anasoma sekondari, ameniambia huyo Gulliver wako alipita bahari yetu hii. Ni kweli au ananichezea? (Mvuvi, Mikindani)

Marahaba. Mwanao hakuchezei. Mwongo ni Gulliver.

Fungua mwanzo wa safari ya pili. Merikebu iitwayo Adventure inaondoka Uingereza Juni 1702 kwenda Surat, Bara Hindi. Inangoja Rasi ya Tumaini Jema mpaka baridi ipite, kisha inapita kati ya Madagaska na bara, inapanda kaskazini hadi nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Sasa Mtwara iko nyuzi 10 na ushei. Hakuna namna ya kutoka mlango wa Madagaska mpaka nyuzi 5 bila kuvuka usawa wetu. Kwa hiyo alipita, mbali huko nje, babu zetu wamelala. Tarehe 19 Aprili upepo ukachafuka, ukavuma siku 20 na kuwasukuma mpaka mashariki ya visiwa vya Maluku, na huko mbele ndiko wakakuta nchi ya majitu.

Ukurasa huo nilimsomea mzee mmoja nahodha hapo hapo kwenu Mikindani, yuko barazani anaziba nyavu. Nilipofika pale Gulliver anaposema kwamba tangu Desemba hadi Mei upepo wa bahari hizo hutoka kati ya kaskazini na magharibi, mzee akaishusha sindano. "Kaskazi ya wapi hiyo?" Akaonyesha kwa kidevu upande wa mlango wa ghuba, kaskazini na mashariki. "Kaskazi inaingilia huku. Huyo hajashika usukani." Na kweli hakuushika. Swift alikuwa mchungaji wa kanisa Dublin, Ireland, na bahari aliyoizoea ni ile ya kuvuka kwenda Uingereza. Dhoruba ya sura hiyo aliichota karibu neno kwa neno kwenye kitabu cha mafunzo ya mabaharia cha mwaka 1669, akaimwaga yote pale, kamba na tanga na mlingoti, mpaka msomaji anapata kizunguzungu.

Kilichonifurahisha ni kwamba mzee aligombana na upepo tu. Nilipomweleza kuhusu mtu mrefu kama mnara wa kanisa, hakubisha hata kidogo. Aliuliza wanakula nini. Hapo ndipo ulipo ujanja wa hadithi za namna hii: tarehe, nyuzi na jina la merikebu vinatangulia, na jitu linafuata nyuma likiwa limeshakatiwa tiketi. Vitabu vya wasafiri Wazungu vya enzi hizo vilijaa uongo wenye tarehe, na Swift alikuwa anavikejeli kwa lugha yao wenyewe.

Mwalimu mwenzangu, maana nasikia nawe ulifundisha. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanasema Gulliver ni hadithi ya watoto, wanapiga miayo. Nifanye nini? (Masasi)

Wamesoma kile cha picha, kilichokatwa. Wachapishaji wa vitabu vya watoto kwa kawaida huishia kwenye watu wadogo na majitu, safari mbili za mwisho wanazitupa. Hata hizo mbili za kwanza wanazisafisha. Waulize wanafunzi wako Gulliver aliuzimaje moto wa jumba la malkia wa Lilliput, nchi ya hao watu wadogo. Kama hawajui kwamba aliukojolea, na kwamba malkia hakumsamehe, na kwamba baadaye kosa hilo likaingizwa kwenye mashtaka ya uhaini, basi kitabu bado hawajakisoma.

Kisha wape hesabu. Watu wa Lilliput wana urefu wa inchi 6, Gulliver anawazidi mara 12. Wataalamu wa mfalme wanakokotoa chakula chake kwa kuangalia ujazo wa mwili, siyo urefu. Waache wakokotoe wenyewe: 12 mara 12 mara 12. Anakula chakula cha watu 1,728. Yapo matoleo yaliyochapa 1,724, wakamateni hao pia.

Halafu wasomee taarifa ya upekuzi wa mifuko. Maofisa wawili wanatumwa kumpekua, wanaandika kila walichokiona kwa lugha ya serikali. Wanakuta kitu cha duara kwenye mnyororo wa fedha, nusu fedha, nusu unaona mpaka ndani, na ndani kinapiga kelele bila kukoma kama kinu cha maji. Wanajadiliana: ni mnyama asiyejulikana, au ndiye mungu wake? Wanaegemea kwenye mungu, kwa sababu mwenyewe amewaambia ni nadra kufanya jambo bila kwanza kumtazama. Ni saa ya mfukoni. Ukifika hapo nyamaza, uone ni wangapi watakaopapasa mfuko wenye simu. Mwaka 1726, mwalimu.

Shikamoo. Babu yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya karanga ya Waingereza hapa Nachingwea. Ulisema Swift aliwacheka wataalamu. Aliwacheka hawa wa kwetu? (Nachingwea)

Marahaba mwanangu. Alikuwa kaburini miaka 200 na zaidi karanga zilipofika. Lakini swali lako limenikosesha usingizi, maana ukisoma safari ya tatu utadhani aliandika akiwa amekaa juu ya trekta lililokufa pale Nachingwea.

Gulliver anafika mji wa Lagado. Miaka 40 nyuma, watu kadhaa wa mji ule walipanda kwenda kwenye kisiwa kinachoelea angani, wakakaa miezi mitano, wakarudi na hesabu kidogo na upepo mwingi kichwani. Wakafungua chuo cha wavumbuzi, wakaanza kubadilisha kila kitu. Nyumba zijengwe kuanzia paa kushuka chini. Shamba litoe matunda msimu wowote, na mavuno yazidi mara mia. Mvumbuzi mmoja amemaliza miaka 8 akijaribu kutoa miale ya jua ndani ya matango, anaomba mingine 8, na mchango kidogo, kwa sababu matango mwaka huu yamepanda bei. Huku nje ya chuo mashamba ni pori, watu wamevaa matambara. Bwana mmoja tu, Munodi, analima kama babu zake walivyolima, na mashamba yake yanapendeza. Ndiye anayechekwa. Alikuwa na kinu kizuri cha maji kando ya mto. Wakamshawishi akibomoe, wajenge kingine mlimani, maji yapandishwe huko. Wamefanya kazi miaka miwili, vibarua mia, imeshindikana, wakamtupia lawama yeye.

Sasa weka karanga kando yake. Vita vya pili vimekwisha, Uingereza haina mafuta ya kula. Mwaka 1946 wanakuja wakaguzi, wanazunguka wiki chache, mwendo mwingi wakiwa kwenye ndege. Angani, unaona. Mwaka 1947 kazi inaanza Kongwa, kisha Urambo na kwetu kusini. Lengo ni zaidi ya ekari milioni 3. Vifaru vya vita vinageuzwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji, majembe yanavunjika, mvua haiji inapoitwa. Mwezi Januari 1951 serikali ya London inakiri imeshindwa, na pauni milioni 36 zimekwenda na upepo. Reli iliyofika Nachingwea haikudumu, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kina Munodi wa hapa, waliojua mvua ya kusini inavyokuja na inavyodanganya, walikuwepo muda wote na majembe yao ya mkono.

Ila Swift nisimpe ushindi wote. Bandari yetu ya kina kirefu hapa Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo. Karanga hazikuja, leo inapakia korosho. Lagado haina kitu kama hicho. Swift alipokasirika hakukubali kwamba upumbavu unaweza kuacha nyuma gati linalofaa, na huo ndio upungufu wake mkubwa kwangu mimi.

Babu yako kama yupo, mkalishe chini umwulize walikuwa wanacheka nini jioni wakirudi kambini. Uandike.

Huu si utani tu mjomba? Sisi tuna watani wetu wanatutosha. Ya nini kuhangaika na Mzungu wa miaka 300? (Lindi mjini)

Ni utani, ndiyo. Tofauti ni leseni. Mtani anakuja msibani, anavaa kanzu ya marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, wafiwa wanacheka na machozi yako mashavuni, na hakuna wa kumgusa. Mila imemruhusu. Swift hakuwa na mila ya kumlinda. Mwaka 1724 aliandika barua kwa jina la bandia, akijifanya muuza vitambaa, kupinga sarafu mbovu zilizotaka kuingizwa Ireland. Serikali ikatangaza pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Dublin nzima ilimjua, hakuna aliyemtaja. Kwa hiyo miaka miwili baadaye Gulliver naye alifika kwa mchapishaji bila jina la Swift, na mchapishaji kwa woga akabadilisha baadhi ya maneno makali.

Kitu kingine wanachofanana: mtani mzuri hacheki. Gulliver naye hacheki hata mara moja kitabu kizima. Anakueleza habari za watu 11,000 waliokubali kufa kuliko kuvunja yai upande mwembamba, kwa sauti ile ile anayokutajia bei ya kitambaa. Swift alikuwa anawasema Wakatoliki na Waprotestanti wa kwao. Ondoa majina hayo, weka unayoyajua wewe mtaani kwako. Yai halibadiliki.

Eti Shaaban Robert aliiga Gulliver kuandika Kusadikika? Nina mtihani. (Newala)

Kwenye mtihani usiandike "aliiga", utapoteza alama kwa haki. Wahakiki wamevilinganisha vitabu hivi viwili, na sababu ipo: Kusadikika ni nchi iliyo angani, na Swift ana kisiwa chake kinachoelea, kinachoshuka juu ya miji yenye kiburi kuizibia jua na mvua. Tafsiri ya Kiswahili ya Gulliver ilishatoka mwaka 1932. Kusadikika ikatoka 1951, nchi bado mikononi mwa Waingereza. Nchi ya hewani ilikuwa mahali salama pa kuwekea mahakama.

Lakini tazama tofauti. Mipaka ya Kusadikika ni pepo: Kaskazi, Kusi, Matlai na Umande. Hiyo ni ramani ya mtu wa pwani. Na wasafiri wake siyo watu waliopotea baharini. Ni wajumbe sita waliotumwa, wanarudi na mambo ya faida kwa nchi yao, na malipo yao ni jela. Karama, aliyeshtakiwa kwa kuleta fikra ya elimu ya sheria, anajitetea kwa kusimulia visa vyao mbele ya mfalme, na anashinda. Gulliver anarudi salama, hakuna anayemfunga, ila hawezi tena kuvumilia watu. Shaaban aliamini kwamba mfalme anaweza kusikia. Swift hakuamini hivyo hata kidogo. Andika hilo, na uandike kwa mifano.

Sina subira ya kitabu kizima. Nianzie wapi? (Shangani)

Mifuko ya Gulliver, safari ya kwanza, sura ya pili. Kama hukucheka, acha. Ukitaka kifupi zaidi, tafuta Candide cha Mfaransa Voltaire, 1759, sura 30 fupi fupi. Unaenda mbio na unacheka, mpaka unafika Suriname, unamkuta mtumwa amelala njiani hana mkono mmoja na mguu mmoja, anakwambia hiyo ndiyo bei ya sukari mnayokula Ulaya. Mimi hapo huwa nakifunga, nakwenda nje kidogo.

Shikamoo mjomba. Ulimwazima mume wangu hicho kitabu. Tangu amalize safari ya nne anatuangalia vibaya mezani, juzi amesema tunanuka. Tumfanyeje? (Mama wa watoto wanne, Chikongola)

Marahaba mama, na nisamehe. Ndivyo kitabu kinavyoisha: Gulliver ametoka kwenye nchi ya farasi wenye busara, harufu ya mkewe haiwezi tena, amenunua farasi wawili na anazungumza nao zizini kwa muda wa saa nne nzima kila siku. Mweleze mumeo kwamba hapo Swift anamcheka Gulliver mwenyewe, kwa kiburi chake. Mpikie ming'oko, mkae naye. Nami kitabu changu nakihitaji. Ila ukimsikia bandani anawaamkia mbuzi, niandikie tena upesi.