Mafuta yamepanda: je, kifafa cha mimba kitarudi?

SWALI: Mimba yangu ya kwanza nilijifungua wiki ya 33 baada ya kupata presha na protini kwenye mkojo. Sasa nina wiki 13. Nimeshauriwa kupima mafuta kwenye damu ili kutabiri kama hali itajirudia. Trigliseraidi (aina ya mafuta ya kwenye damu) zimesoma miligramu 190 kwa desilita, na karatasi imeandika "juu". Nianze dawa ya kushusha mafuta?
Mama wa Morogoro

JIBU: Usianze, mama. Kikomo cha 150 kilichoko kwenye karatasi yako ni cha mtu asiye mjamzito. Mimba yenyewe hupandisha mafuta, na kufikia miezi ya mwisho trigliseraidi huweza kuwa mara mbili hadi tatu ya zilivyokuwa awali. Chai ya maziwa na chapati kabla ya kutoa damu nazo huongeza namba.

Ni kweli kwamba wanawake wanaopata kifafa cha mimba, yaani presha ya ujauzito yenye protini kwenye mkojo kama yako, kwa wastani, huwa na trigliseraidi nyingi zaidi, wengine hata kabla presha haijapanda. Lakini wastani wa kundi haumtabirii mtu mmoja. Wengi wenye 190 hujifungua salama, na wapo wenye 120 wanaougua. Ndiyo maana kipimo hiki hakitumiki peke yake kuamua matibabu. Kina kazi nyingine: zikipita 500 daktari afuatilie kwa karibu, maana zikizidi 1,000 kongosho huweza kuvimba. Dawa za statini, za kushusha mafuta, kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito.

Kinachokuweka kwenye hatari kubwa ni historia yako, na hiyo inatosha kuzungumza na daktari wiki hii hii kuhusu aspirini, ambayo hupunguza hatari ya hali hii kujirudia. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 75 kwa siku. Utafiti mkubwa wa mwaka 2017 ulitumia 150 kila usiku hadi wiki ya 36. Inafaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16, wakati kondo la nyuma bado linajishika. Usijikatie kidonge cha 300 nyumbani, na mweleze daktari kama una pumu au vidonda vya tumbo. Kama chakula chako kina kalisiamu kidogo, uliza pia kuhusu gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa kugawanya, mbali na saa ya vidonge vya kuongeza damu.

Halafu presha. Keti dakika tano, egemeza mgongo, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, omba mkubwa. 140/90 irudiwe baada ya saa nne, hospitalini. Ikifika 160/110, au ukiumwa kichwa kisichoachia, kuona vimulimuli au maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mkojo wa kupima protini uwe wa katikati, baada ya kujisafisha, kwani ute wa ukeni huweza kuleta protini ya uongo.